Kiswahili cha Ulingoni na Kumbukumbu za Mabondia: Mtazamo kutoka Ogembo

Utangulizi

Ogembo ni mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Kisii. Kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013, mji huu ulikuwa makao makuu ya Wilaya ya Gucha. Wageni huujua kwa ndizi, kwa chai na kwa mvua isiyokawia kurudi. Haujulikani kwa ndondi. Hata hivyo, wanapokutana wazee waliofanya kazi mijini kati ya miaka ya 1960 na 1980, si ajabu mazungumzo yao yakaishia kwa Philip Waruinge, Stephen Muchoki au Robert Wangila. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyekuwa Mgusii, na jukwaa lililowapa umaarufu lilikuwa mbali sana na mto Gucha. Hata hivyo wazee huwataja kama watu waliowahi kupanga nao chumba.

Jambo linalopaswa kumshughulisha mwanafunzi wa Kiswahili ni lugha ya mazungumzo hayo. Habari za ng'ombe, mvua na mahari husemwa kwa Ekegusii. Bondia akishatajwa, basi ulingo, raundi, refa na pointi huingia pamoja naye, na Kiswahili huchukua nafasi. Haiwezi kudaiwa kwamba Ekegusii hakina uwezo wa kukopa. Lugha hiyo ilichukua gari ikalifanya egari, ikachukua pesa ikaziita chibesa, na maneno hayo yamekwisha kuwa ya nyumbani. Msamiati wa ndondi haukupokewa kwa njia hiyo. Ulibaki katika Kiswahili, na aghalabu hutamkwa kama ulivyosikika mara ya kwanza.

Makala haya yanajaribu kueleza kwa nini ikawa hivyo. Hoja inayotolewa ni kwamba kumbukumbu za mabondia katika sehemu kama Ogembo si kumbukumbu za mchezo peke yake. Ni kumbukumbu za kazi ya mshahara katika miji ya viwanda, na Kiswahili ndicho kilichozihifadhi kwa sababu ndiyo lugha iliyotumika katika kazi hiyo na ndiyo lugha ambamo mapigano yenyewe yalisikika. Kwa hiyo anayetaka kuzielewa hana budi kuanzia kiwandani kabla ya kufika ulingoni.

Njia ya pareto

Mwanzoni mwa karne ya 20, vijana wa Kigusii waliishi katika ebisarate, yaani kambi za kulindia ng'ombe ambazo pia zilikuwa chuo cha ujasiri. Baada ya Wagusii kuipinga serikali ya kikoloni kwa silaha mnamo 1905 na 1908, serikali hiyo ilizivunja kambi hizo miaka michache baadaye. Kodi ya nyumba nayo ikawalazimu wanaume kutafuta fedha. Waliokuwa wakilala katika kambi za ng'ombe, au wana wao, wakajikuta wanalala katika kambi za aina nyingine: mabweni ya mashamba ya chai ya Kericho, nyumba za wafanyakazi wa reli na vyumba vya kukodi karibu na viwanda vya Nakuru na Nairobi.

Kati ya miji hiyo, Nakuru ulikuwa na nafasi ya pekee katika fikra za watu wa Gusii. Nyanda za juu za Kisii na Nyamira zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa pareto kwa wingi nchini, na maua yake yaliyokaushwa yalisafirishwa hadi kiwanda cha Bodi ya Pareto mjini Nakuru. Hivyo jina la mji huo lilifika nyumbani kabla ya watu wengi kuuona. Gari lililotoka Kisii kupitia Keroka, Sotik, Kericho na Mau Summit lilishuka Nakuru kabla ya kuendelea Nairobi, na wengi waliokusudia kwenda Nairobi walikomea hapo wakapata kazi.

Nakuru, ambao ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2021, ulikuwa mji wa viwanda vya unga, vya mablanketi na vya mazao ya mashamba makubwa yaliyouzunguka. Palikuwapo pia kiwanda cha betri za Eveready, kilichofungwa mwaka 2014. Kiwanda hiki kinastahili kutajwa peke yake. Katika vijiji ambavyo havikuwa na umeme, redio iliendeshwa kwa betri, na sehemu kubwa ya betri hizo zilitengenezwa papo hapo Nakuru. Kwa maneno mengine, mji uliowalea mabondia ndio pia uliopeleka vijijini nguvu ya kuwasikilizia. Kila mwenye redio alijua thamani ya betri: zilipoanza kuchoka zilianikwa juani ili zirudishe sauti kidogo, na redio haikufunguliwa kiholela. Kama betri zilihifadhiwa kwa ajili ya pambano, basi pambano hilo lilikuwa na uzito nyumbani humo.

Redio yenyewe ilizungumza Kiswahili. Sauti ya Kenya, iliyoitwa hivyo kuanzia mwaka 1964 hadi iliporejea kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989, ilikuwa na matangazo ya lugha za magharibi mwa nchi, Ekegusii kikiwamo, kutoka kituo cha Kisumu. Lakini mambo ya taifa, na michezo ya kimataifa miongoni mwayo, yalikuwa ya Idhaa ya Taifa. Msikilizaji wa Ogembo alipata habari za mvua na mikutano ya chifu kwa lugha ya mama, na habari za Mexico, Munich na Seoul kwa Kiswahili. Mgawanyo huo wa redio ndio huohuo unaosikika hadi leo katika mazungumzo ya wazee.

Ukumbi na mwajiri

Nakuru palikuwa na ukumbi wa umma ulioitwa Madison Square Garden, jina lililochukuliwa kutoka ukumbi mashuhuri wa New York. Mtu anaweza kucheka akilinganisha majengo hayo mawili, lakini waliouita hivyo hawakutania. Humo ndimo ndondi za Nakuru zilimokulia, na Waruinge ni mmoja wa waliojifunzia mchezo huo katika mji huo. Nairobi nako ndondi zilishamiri katika kumbi za kijamii za mitaa ya mashariki, kama vile Pumwani na Kaloleni, na katika mitaa ya wafanyakazi wa reli ya Muthurwa na Makongeni. Kumbi hizi zilijengwa na serikali ya kikoloni na halmashauri zake kwa nia ya kuwapa wafanyakazi Waafrika mahali pa kupitisha jioni pasipo siasa. Kama ilivyo kwa nia nyingi za aina hiyo, siasa ziliingia humohumo, na ndondi zikakaa nazo bega kwa bega.

Kwa nini ndondi? Sababu moja ni gharama. Mpira unahitaji uwanja na watu 22, ilhali ndondi zinahitaji chumba, mfuko mmoja wa kupiga na jozi chache za glavu zinazovaliwa kwa zamu. Sababu nyingine ni saa ya kazi. Pambano la ridhaa la enzi hiyo lilikuwa la raundi tatu za dakika tatu, na mapumziko ya dakika moja kati yake. Jumla ni dakika 11. Aliyetoka kiwandani jioni angeweza kutazama mapambano kumi na bado akalala mapema kiasi cha kuisikia kengele ya asubuhi. Ndondi zilienea mjini kwa sababu zilikubaliana na ratiba ya kiwanda.

Mwajiri naye alikuwa na lake. Timu kubwa za ndondi za ridhaa nchini hazikuwa za mitaa peke yake. Zilikuwa za Reli, za kampuni ya bia, za Posta na Simu, za polisi, za magereza na za jeshi. Kijana aliyeonyesha kipaji ukumbini aliweza kuchukuliwa na mojawapo ya timu hizo, akapewa kazi, nyumba au cheo, na akaruhusiwa muda wa mazoezi. Kwa mwajiri, bondia alikuwa tangazo linalotembea. Kwa bondia, mwajiri alikuwa uhakika wa chakula. Hapa ndipo neno «ridhaa» linapotatanisha. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, bila kulazimishwa wala kulipwa, lakini bondia wa ridhaa wa miaka hiyo alipokea mshahara wake mwishoni mwa mwezi kama mwenzake wa karakana. Hakulipwa kwa kupigana. Aliajiriwa kwa sababu alijua kupigana. Tofauti hiyo ni nyembamba, na iliyabeba maisha ya watu wengi.

Mfumo huu ukieleweka, mtu hatashangaa kwamba ndondi zilidhoofika waajiri walipodhoofika. Miaka ya 1990 ilikuwa ya kupunguza wafanyakazi katika mashirika ya umma. Posta na Simu iligawanywa mwaka 1999, na reli ikakabidhiwa mwekezaji mwaka 2006. Vikosi vya polisi, magereza na jeshi ndivyo vilivyoendelea kuwa nguzo. Kenya ilipata medali saba za Olimpiki katika ndondi, ya kwanza mwaka 1968 na ya mwisho mwaka 1988. Tangu hapo haijapata nyingine. Wapo watakaotafuta sababu katika chama cha mchezo au katika makocha, na huenda wasikose, lakini orodha ya waajiri waliopunguza wafanyakazi isiachwe nje ya uchunguzi huo.

Maneno yenyewe

Msamiati wa ulingoni una mafunzo yake kwa mtaalamu wa lugha. Wakenya husema ndondi. Watanzania husema zaidi masumbwi, au ngumi tu. Wakenya hupima uzani. Watanzania hupima uzito. Kusikia tu mtu anasema ndondi au masumbwi kunatosha kubainisha redio aliyokulia.

Neno «ulingo» linapendeza zaidi. Kabla ya kuwa jukwaa la mabondia, ulingo ulikuwa jukwaa la miti lililoinuliwa shambani, ambapo mlinzi alikaa kuwafukuza ndege na wanyama waharibifu. «Konde» nalo lina maana mbili katika kamusi, ngumi na shamba lililolimwa. Haidaiwi hapa kwamba maana hizo zina asili moja. Linalodaiwa ni kwamba mkulima aliyekwenda mjini na kukaa chini ya taa za ukumbi hakukutana na lugha ngeni kabisa. Alikuta maneno ya shambani yamepewa kazi mpya, kama yeye mwenyewe.

Majina ya uzani yanaonyesha jinsi tafsiri inavyochagua njia. Uzani wa unyoya ni tafsiri ya moja kwa moja, na mtu anaweza kuuona huo unyoya. Uzani wa nzi vilevile. Lakini welta imebaki welta kwa kuwa hata wenye lugha ya asili hawakubaliani sana juu ya maana yake, na kisicho na maana wazi hakitafsiriki, hukopwa tu. Kwa hiyo katika sentensi moja mtangazaji angeweza kumtaja bondia wa unyoya kwa Kiswahili safi na wa welta kwa neno la mkopo, na hakuna msikilizaji aliyelalamika.

Kilo ndizo zilizoeleweka na wote. Muchoki alipigana katika uzani wa kilo 48. Gunia la mahindi nchini Kenya lilihesabiwa kuwa la kilo 90, na mpakiaji wa kiwanda cha unga alilibeba mgongoni mara nyingi kwa siku. Bingwa wa dunia alikuwa na uzito wa karibu nusu ya gunia. Kwa mtu aliyekuwa akipimwa thamani kwa alichoweza kubeba, habari kwamba mwili mdogo namna hiyo unaweza kuishinda dunia haikuwa jambo la mchezo.

Waruinge na majaji watatu

Kati ya masimulizi yote, la Waruinge wa Mexico mwaka 1968 ndilo linaloonyesha vizuri zaidi kazi ya kumbukumbu. Waruinge, bondia wa uzani wa unyoya, alikwisha kushiriki Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964 na kutwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston mwaka 1966. Katika nusu fainali ya Mexico alikutana na Antonio Roldán, Mmexico, mbele ya watazamaji wa nyumbani kwa Roldán. Palikuwa na majaji watano. Watatu walimpa ushindi Roldán, wawili Waruinge. Waruinge akapata shaba, na Roldán akaenda kuchukua dhahabu.

Mambo hayakuishia hapo. Nishani ya Val Barker, iliyokuwa ikitolewa kwa bondia mwenye ustadi mkubwa kuliko wote katika mashindano ya Olimpiki, alipewa Waruinge. Kwa kawaida nishani hiyo ilikwenda kwa aliyepata dhahabu. Walioipata bila dhahabu ni wachache: Mmarekani Louis Lauria mwaka 1936, Waruinge mwaka 1968, na Roy Jones wa Marekani mwaka 1988. Kwa hiyo chombo kilekile kilichosimamia uamuzi wa kumnyima fainali kilikiri baadaye kwamba hapakuwa na fundi kumshinda.

Sasa msimuliaji wa Ogembo afanye nini na habari hizi mbili? Redio ilimwambia kwamba Waruinge ameshindwa, kisha ikamwambia kwamba Waruinge ndiye bora. Njia rahisi ni kusema aliibiwa, na ndivyo isemwavyo. Mwingine huenda mbali zaidi akampa dhahabu kabisa. Mtafiti mwenye haraka atalihesabu hilo kuwa kosa na kulifuta. Lakini kosa hilo lina mantiki: ni jaribio la kupatanisha matangazo mawili yasiyopatana, na lilifanywa na watu waliojua kutokana na maisha yao ya kazi kwamba mtu anaweza kuwa fundi bora katika karakana na cheo kikapewa mwingine. Neno «kuibiwa» halikuzaliwa ulingoni. Lilitoka kwenye dirisha la mshahara.

Miaka minne baadaye, mjini Munich, Waruinge alifika fainali na kushindwa na Boris Kuznetsov wa Umoja wa Kisovieti, tena kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Samuel Mbugua na Dick Murunga walipata shaba katika mashindano hayohayo. Baada ya Munich, Waruinge alikwenda Japani kupigana ndondi za kulipwa kwa jina la ulingoni la Waruinge Nakayama. Kati yake na dhahabu ya Olimpiki palikuwa na jaji mmoja mwaka 1968 na jaji mmoja mwaka 1972.

Muchoki na milango miwili iliyofungwa

Masimulizi ya Muchoki ni mafupi kuliko yanavyostahili. Mwaka 1978 alikuwa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa mjini Belgrade, na mwaka huohuo akashinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, baada ya kuwa ameishinda pia mjini Christchurch mwaka 1974. Mtu anayesikia hayo huuliza mara moja alipata nini katika Olimpiki. Hakupata kitu kwa sababu hakwenda. Mwaka 1976 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Montreal, zikipinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 ilisusia Moscow kwa sababu ya uvamizi wa Afghanistan. Kilele cha Muchoki kiliangukia katikati ya misusio hiyo miwili.

Haki ya msusio wa kwanza ni vigumu kuipinga, na makala haya hayakusudii kuipinga. Lakini ni dhahiri nani aliyeulipia. Katika masimulizi, misusio hupotea kabisa. Siasa za kimataifa hazina raundi wala refa, na hazikutangazwa kwa sauti ya kupanda na kushuka, hivyo hazikushika masikioni. Kinachobaki ni bingwa wa dunia ambaye jina lake halifuatwi na Olimpiki, na kijana anayesikiliza hudhani labda alikuwa dhaifu kuliko wengine. Rekodi hapa inahitajika kuisaidia kumbukumbu.

Muchoki baadaye alikwenda Copenhagen, mji ambako Mganda Ayub Kalule, bingwa wa dunia wa ridhaa wa mwaka 1974, alikwisha kutengeneza njia ya ndondi za kulipwa na kutwaa taji la dunia mwaka 1979. Novemba 1982, katika mji huohuo, Muchoki alimkabili Muajentina Santos Laciar kwa ajili ya ubingwa wa dunia, na pambano likasimamishwa katika raundi ya 13. Bondia aliyeumbwa na dakika 11 za ukumbi wa jioni alikuwa amepelekwa katika kazi ya urefu mwingine kabisa.

Wangila

Robert Wangila, mzaliwa wa Nairobi, alimpiga Mfaransa Laurent Boudouani kwa nokauti katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welta mjini Seoul mwaka 1988. Hadi Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, hiyo ilikuwa dhahabu pekee ambayo Kenya imepata katika Olimpiki nje ya riadha. Chris Sande alirudi na shaba ya uzani wa kati. Seoul iko mbele ya Nairobi kwa saa nyingi, hivyo mapambano ya mchana wa Korea yaliwafikia Wakenya usiku au alfajiri. Ushindi huo husimuliwa pamoja na giza, moto wa jikoni ambao bado haujawashwa, na mtu anayekwenda kuwaamsha majirani.

Kifo chake husimuliwa kwa sauti ya chini. Wangila alikwenda Marekani kupigana ndondi za kulipwa. Julai 22, 1994, mjini Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake na David Gonzales katika raundi ya tisa. Wangila aliupinga uamuzi huo, alitaka kuendelea. Baadaye alizimia katika chumba cha kubadilishia nguo, na akafariki Julai 24. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Katika kisa cha Waruinge, mwamuzi ndiye mwizi. Katika kisa cha Wangila, mwamuzi ndiye aliyekuwa akijaribu kumwokoa, na alichelewa. Lugha iliyozoea neno «aliibiwa» haina jina la tayari kwa hali hii. Labda ndiyo sababu masimulizi ya Seoul ni marefu, na ya Las Vegas huisha kwa sentensi moja kisha kimya.

Kuuliza swali linalofaa

Wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kukusanya fasihi simulizi, na wengi hurudi kutoka nyanjani na hurafa, methali na nyimbo za arusi. Masimulizi ya ndondi ni nadra kuingizwa katika mikoba yao. Hayaonekani kuwa ya kale vya kutosha, si ya kabila moja, na yamejaa majina ya miji ya kigeni. Yanaonekana kama porojo za wastaafu. Lakini waliosikia Mexico ya 1968 wakiwa na umri wa miaka 20 walizaliwa kabla ya 1950, na idadi yao hupungua kila mwaka.

Atakayekwenda Ogembo kuwasikiliza ashauriwe asianze kwa kuuliza nani alishinda. Hilo limeandikwa, na mzee akikosea atatahayari bure. Aulize: «Wakati huo, baba, ulikuwa unafanya kazi wapi?» Jibu litakuja na jina la kiwanda, na jina la msimamizi, na kiasi cha mshahara, na chumba walichoishi watu wanne wa makabila manne wakipika kwa zamu, na lugha waliyoitumia kugombania zamu hizo. Redio itatajwa, kwa sababu ilikuwa ya mmoja wao na betri zilinunuliwa kwa mchango. Kisha, bila kuulizwa, mzee ataketi vizuri, atainua mkono wa kushoto mbele ya uso na kuukunja wa kulia karibu na mbavu, aanze kuonyesha jinsi Waruinge alivyosimama.